Belti ya taimingi na pampu ya maji kwenye Forester ya EJ20: belti huuawa na jirani zake

Ukifungua boneti ya Forester iliyotoka Japani, kabla hujashika spana tafuta kibandiko kidogo kwenye kava za plastiki za mbele ya injini, au kwenye bati la karibu na hapo. Huwa kina maandishi ya Kijapani, tarehe na idadi ya kilomita, na mara nyingi ndiyo kumbukumbu pekee ya lini belti ya taimingi, ile inayofungamanisha mwendo wa pistoni na valvu, ilibadilishwa. Mwaka ukiandikwa 22 usifurahi mapema ukadhani ni 2022. Wajapani huhesabu pia miaka kwa enzi za wafalme wao, na 22 hapo inaweza kuwa Heisei 22, yaani 2010. Kwa Heisei jumlisha 1988. Kwa Reiwa, iliyoanza 2019, jumlisha 2018. Gari lisilo na kibandiko lihesabu kuwa bado lina belti ya kiwandani, hata kama dashibodi inasoma kilomita 78,000. Namba za dashibodi hurudishwa nyuma, lakini mpira uliozeeka haurudi ujana.

Ninazungumzia Forester SG5 isiyo na turbo, ya 2002 hadi 2007, injini ya EJ20 yenye kamu (fimbo inayofungua valvu) moja kila upande. Impreza na Legacy nyingi za miaka hiyo zenye kamu moja kila upande hufanana nayo kwa karibu kila kitu. Yenye turbo, au yenye kamu mbili kila upande, ni habari nyingine: ina puli nne za kamu, belti yake ina meno 281 badala ya 223, na kamu za upande wa kushoto huruka kwa nguvu ya springi mara tu belti inapotoka, valvu zikaweza kugongana zenyewe kwa zenyewe. Usianze kujifunzia hiyo. Na kama Forester yako ni ya kuanzia mwisho wa 2010 yenye injini ya FB20, funga boneti ukapumzike, maana hiyo inatumia cheni.

EJ20 hii ni injini ambayo pistoni na valvu hutumia nafasi ileile kwa zamu. Belti ikikatika au ikiruka meno ya kutosha, kamu husimama, krenki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) inaendelea kuzunguka, na pistoni inakuta valvu imefunguka njiani. Valvu hupinda. Kuanzia hapo si kazi ya belti tena, ni kazi ya kushusha injini na kufungua silinda hedi.

Japani walipanga belti ibadilishwe kila kilomita 100,000. Kwa joto na vumbi letu, ningeweka pia ukomo wa miaka saba au minane, lolote litakalotangulia.

Kwa nini usinunue belti peke yake

Belti nzuri mara chache hufa kifo chake. Huuawa. Beringi ya aidla (puli inayoongoza njia ya belti tu) ikikauka grisi hukwama, belti inasuguliwa kwenye puli isiyozunguka mpaka inaungua. Tenshena, kifaa kinachoikaza belti, ikivuja mafuta, belti inalegea na kuruka meno asubuhi unapowasha. Sili ya krenki ikivuja, mafuta ya injini yanalainisha mpira mpaka meno yanang'oka. Pampu ya maji nayo inazungushwa na belti hii hii: shafti yake ikianza kucheza, belti inakimbia pembeni na kujikata kwenye ukingo wa puli. Ndiyo maana pampu hubadilishwa siku hiyo hiyo. Kuifikia pampu ni kufungua yale yale uliyofungua kwa ajili ya belti, na kuiacha ya zamani ni kuifunga belti mpya kwa jirani ambaye hujui siku zake.

Kwa hiyo nunua seti nzima: belti ya meno 223, tenshena, aidla zote laini, aidla moja yenye meno, pampu ya maji na gasketi yake, themostati na gasketi yake, sili ya mbele ya krenki, na kulanti (dawa ya maji ya kupozea injini) ya kutosha kujaza lita 6 hadi 7 ikishachanganywa. Belti ya alteneta na ya AC ziangalie ukiwa umezitoa. Zikiwa na nyufa, zibadilishe, kwa sababu lazima zitoke hata hivyo.

Dukani, iwe Gerezani Dar es Salaam au Kirinyaga Road Nairobi, usiangalie boksi, angalia kilichomo. Zungusha kila aidla kwa kidole karibu na sikio. Mpya ya kweli huzunguka kwa uzito kidogo, bila sauti, na kusimama upesi, kwa sababu imejaa grisi. Ile inayozunguka kama pia ya mtoto haina grisi, na itaanza kulia kabla ya mwaka. Jina la mtengenezaji wa beringi, kama NSK, NTN au Koyo, huchongwa kwenye chuma cha beringi yenyewe, halikai kwenye karatasi ya boksi tu. Beba pampu ya zamani, au angalau picha yake, maana pampu za EJ hutofautiana idadi na mwelekeo wa midomo ya paipu, na isiyo yako inaweza kukaa vizuri kwenye bolti kisha ukakuta paipu moja haina pa kwenda. Themostati pia: ya Subaru ni kubwa, ina springi na mdomo mpana kuliko zile za kopo zinazouzwa kuwa "zinaingia tu". Zinaingia kweli, lakini hupitisha maji kidogo, na injini hizi hazisamehe kuchemka.

Kufungua

Injini iwe imepoa kabisa. Toa waya wa hasi wa betri, kwa sababu feni za rejeta zinaweza kuwaka zenyewe mkono wako ukiwa ndani. Inua mbele kwa jeki, weka stendi, toa kava ya chini. Fungua koki ya chini ya rejeta na uweke beseni; iliyobaki kwenye injini itamwagika ukitoa paipu ya chini. Kulanti ni tamu na inaua mbwa na paka, usiiache sakafuni.

Rejeta haihitaji kutoka. Toa feni zote mbili (bolti za 10, yaani kichwa cha milimita 10), toa paipu ya juu, kisha simamisha kipande cha boksi gumu mbele ya rejeta. Bila boksi hilo mkono wa ratcheti utatoboa mapezi, na utanunua rejeta ambayo hukuipangia. Toa belti za nje na kava zake.

Sasa bolti ya krenki, kichwa cha 22. Hii ndiyo huwakatisha watu tamaa. Gari la gia za mkono liweke gia ya tano na mtu akanyage breki kwa nguvu. La otomatiki, juu pale injini inapoungana na giaboksi kuna kizibo kidogo cha mpira. Kiondoe, zungusha krenki polepole mpaka uone tundu kwenye sahani ya ndani, ingiza chuma kigumu kinachoenea, kisha legeza bolti kwa mkono mrefu. Mafundi wengi huegemeza mkono wa spana kwenye fremu na kupiga stata mara moja. Hufanya kazi, mpaka siku spana inapochomoka, au belti kuukuu inaporuka meno kwa ule mshtuko kabla hujaona alama. Siishauri.

Ukishatoa puli kubwa ya nje, fungua kava tatu za plastiki: ya katikati, ya kushoto na ya kulia. Bolti ni za 10 na hukazwa kidogo sana, Nm 5 tu (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza), lakini kutu huzishika, na nati iliyozamishwa kwenye plastiki nyuma huanza kuzunguka nayo. Ikitokea hivyo usipigane nayo. Kata plastiki kidogo kuizunguka, ishike nati kwa koleo, na uzibe pengo baadaye. Kuna watu huamua kuacha kava nje kabisa. Kwenye barabara ya kokoto ni kosa, kwani kijiwe kimoja kati ya belti na puli kinatosha kuirusha meno.

Alama, na ile inayodanganya

Hapa ndipo kazi yote ilipo. Rudisha bolti ya krenki kwenye nafasi yake bila kuikaza, utumie soketi ya 22 kuzungusha injini kwa mwendo wa saa ukiitazama kutoka mbele. Zungusha huko tu.

Puli ndogo ya krenki yenye meno ina mshale usoni. Mshale huo si alama yako. Unaonyesha pistoni namba moja ikiwa juu kabisa, na ukiupanga na kamu zikiwa kwenye alama zake, krenki itakuwa imekosea robo nzima ya mzunguko. Alama yako ni mstari mwembamba uliochongwa nyuma ya puli hiyo, kwenye moja ya zile ndimi ambazo sensa ya krenki huzisoma. Mstari huo unapaswa kuwa juu kabisa, saa sita, ukiangaliana na alama iliyo kwenye pampu ya mafuta nyuma yake. Ili usikosee, tazama kitako cha ufunguo wa puli (kile kipande cha chuma kinachoishika puli kwenye krenki): alama sahihi ikiwa juu, ufunguo unaelekea chini kabisa.

Puli za kamu nazo zina mishale pamoja na mistari. Fuata mistari. Wa kushoto na wa kulia yote huelekea juu, kwenye mkato mdogo wa kava ya nyuma. Kamu huzunguka nusu ya mwendo wa krenki, kwa hiyo ukikuta krenki iko sawa na kamu zimeelekea chini, ongeza mzunguko mmoja kamili wa krenki. Safisha alama zote tatu kwa kitambaa chenye petroli kidogo, zitie doa la rangi nyeupe, kisha piga picha kila moja kwa kuitazama uso kwa uso. Ukipiga kwa pembe, picha itakuonyesha jino moja lisilokuwepo.

Kuna jambo moja la kukutuliza. Injini ikiwa kwenye alama hizi, pistoni zote nne ziko katikati ya silinda, hakuna iliyo juu. Ukitoa belti na puli ya kamu ikajongea kidogo, haitagonga kitu, irudishe taratibu kwa njia fupi. Unachokatazwa ni kuzungusha krenki wakati belti iko nje.

Toa aidla moja ya chini (bolti ya 14) ili belti ilegee, kisha belti, halafu aidla zilizobaki na tenshena. Weka kila aidla kuukuu ilipokuwa kwa kupanga sakafuni kwa umbo la injini. Zilaze, zizungushe, zisikilize: iliyolia kama mchanga ndiyo iliyokuwa ikiiua belti.

Pampu na vinavyovuja

Toa themostati iliyo chini ya pampu, kisha bolti za pampu, za 10. Pampu ikigoma kutoka igongegonge kwa nyundo ya plastiki. Usichomeke bisibisi kati ya pampu na injini, kwa sababu uso ule ni aluminiamu na mchubuko mmoja ni njia ya maji ya miaka yote. Kwa sababu hiyo hiyo kwangua mabaki ya gasketi kwa kipande cha plastiki ngumu au ubao, bila sandipepa ya mashine.

Gasketi ya chuma iliyopakwa mpira hufungwa kavu. Ukiongeza silikoni, inayobonyea ndani hukatika na kwenda kukaa kwenye themostati au kwenye mirija ya hita. Kaza bolti za pampu kwa kuvukavuka, Nm 12, kisha rudia zote mara ya pili kwa kipimo kile kile, maana za kwanza hulegea gasketi inapolala. Nm 12 ni kidogo kuliko mkono wa mtu mzima unavyodhani. Nyuzi za aluminiamu zikishachanika utatafuta fundi wa kurudishia nyuzi Jumapili jioni. Themostati ikae na kile kipini chake kidogo kinachochezacheza kikielekea mbele ya gari.

Kabla ya kufunga chochote, piga tochi nyuma ya puli ya krenki. Sili ikiwa na unyevu wa mafuta, itoe bila kugusa shafti, na mpya iingie kina kile kile cha zamani. Ukitoa pampu ya mafuta yenyewe, kaza skrubu za bati lake la nyuma kwa gundi ya nyuzi, kwani zinajulikana kulegea kwenye injini za EJ, na badilisha oringi. Sili za kamu zikiwa kavu, mimi ningeziacha. Kuzibadilisha kunadai kufungua puli za kamu, na sili kavu iliyoharibiwa kwa kubadilishwa vibaya ni hasara mara mbili.

Kufunga belti

Aidla na tenshena hukazwa Nm 39. Tenshena mpya huja imebanwa kwa kipini, usikivute kujaribu. Ukilazimika kurudisha ya zamani, isiwe na mafuta kwenye fimbo wala isibonyee kwa mkono. Ibane kwenye jiliwa ikiwa wima, polepole, dakika tatu au zaidi, kisha ingiza allen key ya milimita 2 tundu zikilingana. Ukiiharakisha unapasua sili yake ya ndani, na itakuja kukuonyesha baadaye.

Belti ina mistari mitatu mgongoni: mara nyingi ule wa vipande vipande ni wa krenki, miwili iliyonyooka ni ya kamu. Mshale wa belti ufuate mwendo wa injini. Anza kwenye krenki, nenda kamu ya kushoto, kisha ya kulia, ukiishikilia belti kwenye kila puli kwa vibanio vya karatasi vya ofisini. Usiikunje, usiipinde kinyume, usiishike kwa mikono yenye mafuta. Aidla ya chini uliyoianza kutoa ndiyo iingie mwisho. Itaingia kwa kusukuma, lakini si kwa nyundo. Ikikataa kabisa, kuna mahali belti imepanda jino au haijakaa kwenye aidla nyingine.

Mistari yote mitatu ikiangaliana na alama zake, ondoa vibanio, kisha vuta kipini cha tenshena. Utasikia ikiruka na kuikaza belti. Tazama alama tena, kwani jino moja la kamu huweza kuhama sekunde ile ile.

Sasa zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili, polepole. Alama za puli zote tatu zirudi mahali pake. Mistari ya belti haitarudi, na hapo wengi hushtuka bure wakafungua upya. Belti na puli havigawanyiki sawasawa, mistari ile ni ya kufungia tu. Ukikuta ukinzani mgumu wakati wa kuzungusha, simama papo hapo. Hewa ya kushindiliwa hukataa kwa ulaini na kuachia, ila valvu iliyogusa pistoni hukataa kama ukuta.

Kwenye gari la gia za mkono kuna vipande vya chuma vinavyolinda belti isiruke injini inaposukumwa kinyume, kwa mfano ukiegesha mlimani na gia ndani. Virudishe, ukiacha nafasi ya milimita 1 kati yake na mgongo wa belti. Vikigusa vinaikata; vikiwa mbali havina kazi.

Rudisha kava, puli kubwa, na bolti ya krenki. Vitabu vya injini hizi hutoa kati ya Nm 127 na 180 kulingana na mwaka, kwa hiyo tafuta namba ya injini yako na utumie toki renchi, nyuzi zikiwa na tone la mafuta. Bolti hii ikilegea, puli huanza kuyumba, hula ufunguo na kisha pua ya krenki yenyewe. Andika tarehe na kilomita kwa kalamu ya rangi kwenye kava, kwa mwaka wa kawaida tafadhali.

Maji bila hewa

Changanya kulanti nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, kama yale ya betri. Maji ya kisima ya pwani yenye chumvi hula pangaboi la pampu na gasketi ya hedi, na maji ya bomba huacha magadi kwenye mirija. Kabla ya kufunga paipu ya juu, inyanyue na umimine kupitia hiyo moja kwa moja ndani ya injini mpaka ijae. Ifunge, legeza skrubu ya plastiki iliyo juu ya rejeta upande wa pili wa kifuniko, mimina taratibu mpaka itoke bila mapovu, kisha ifunge kwa vidole tu.

Washa injini, weka hita kwenye joto la mwisho, minya paipu ya juu mara kwa mara. Themostati huanza kufunguka karibu nyuzi 76 hadi 80. Subiri feni ziwake na kuzima mara mbili huku upepo wa hita ukiwa moto. Mshale ukipanda na hita ikapuliza baridi, ni hewa: zima, poa, ongeza. Mapovu yakiendelea kwenye chupa ya akiba siku ya pili na ya tatu, injini ikiwa imejazwa vizuri, pampu haina kosa; gasketi ya hedi ndiyo inayopumua.

Mlio wa kugongagonga mbele kwa sekunde chache za asubuhi baada ya kazi hii mara nyingi ni tenshena inayojijaza mafuta. Ukiendelea injini ikiwa moto, zima na ufungue kava. Mlio mwembamba unaopanda na mwendo wa injini ni aidla, au belti inayosugua kava iliyopinda. Na injini ikitetema na kukosa nguvu tangu ilipowashwa mara ya kwanza, usibadilishe plagi wala koili. Rudi kwenye picha za alama uhesabu meno. Kagua kiwango cha kulanti injini ikiwa baridi kila asubuhi kwa wiki moja, na weka gazeti sakafuni chini ya pampu usiku.